Moshi wa lori kongwe na fundi anayeujua

Fundi wa dizeli hupimwa kwa swali lake la kwanza. Mpelekee Canter ya zamani inayofuka moshi, kisha unyamaze umsikilize. Akiuliza moshi una rangi gani, si mbaya. Akiuliza unatoka wakati gani, umepata fundi.

Rangi hata utingo anazijua: mweusi ni dizeli iliyoizidi hewa, mweupe ni dizeli isiyoungua au maji, wa bluu ni oili. Isitoshe rangi hudanganya. Moshi wa bluu ukiutazama magharibi, jua linazama upande wa Sib hapa Maskati, utaapa kuwa ni mweusi. Sisi wa Hail tuna bahati ya kuta nyeupe: liegeshe lori ekzosi ikiuelekea ukuta, asubuhi mapema, injini ikiwa imelala usiku kucha. Anayenunua lori kwenye karakana za Mabela au Wadi Kabir na afike bila kutoa taarifa, ashike rejeta kabla ya kutoa salamu ya pili. Ikiwa ya moto, mwenye lori ameshaumaliza moshi wa asubuhi kabla hujafika. Mwombe lilale, urudi kesho.

Moshi mweupe wa asubuhi ndio unaosamehewa kuliko wote, na kwa hapa Maskati husamehewa bure. Ulaya wakati wa baridi injini ya dizeli ina udhuru: chuma ni baridi, hewa iliyobanwa haipati joto la kuwasha dizeli yote. Usiku wa Julai hapa joto hukaa juu ya nyuzi 30. Lori likifuka weupe saa kumi na mbili asubuhi katika hali hiyo, usikubali kuambiwa ni baridi. Ama kompresheni imeshuka, ama nozeli inadondosha badala ya kupuliza, ama majira ya pampu yamechelewa. Pua itakusaidia: dizeli mbichi huchoma macho na moshi wake huning'inia, maji ya rejeta yana utamu kidogo na mvuke wake hupotea haraka. Mvuke mwepesi wa Januari, unaokwisha injini ikipata moto, ni unyevu tu wa ekzosi. Usiokwisha, tena rejeta inapungua maji, utazame kwa jicho la gasketi ya silinda hedi.

Kwa injini zenye pampu ya kizamani, mfano 4D33 isiyo na tabo, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa. Silinda nzima ikinyimwa dizeli, mlio hubadilika. Ile ambayo mlio haubadiliki ndiyo mgonjwa. Anayetaka kufanya hivyo kwenye injini mpya ya komoni reli, mwondolee lori lako: humo dizeli hupita kwa presha ya zaidi ya baa 1,000, inatoboa ngozi.

Mweusi una mambo mengi na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Pumzi moja nyeusi ukikanyaga ghafla ni kawaida ya lori la pampu. Kuvuta wingu kwenye barabara tambarare, huku huna mzigo, si kawaida. Fundi mzuri huanza na vya bei ndogo: eakilina, halafu mpira wa hewa baina ya tabo na injini, akiutafuta mpasuko kwa vidole. Hushika pia mahabu ya magurudumu, moja likiwa la moto kuliko mengine breki inashika, na injini inafukuzwa kama punda aliyefungwa mguu. Nozeli huja baadaye. Pampu huja mwisho, na hapo tazama waya wenye risasi unaoziba skrubu ya dizeli. Ukiwa umekatwa, kuna mtu ameongeza dizeli ili lori lipande haraka barabara ya Rusayl kwenda Fanja. Ukipanda Jabal Akhdar mpaka Saiq, karibu mita 2,000, weusi huongezeka wenyewe kwa kuwa hewa imepungua na pampu haina habari.

Eakilina, naomba nikae hapo kidogo. Vumbi la nchi hii ni laini kama unga. Karatasi hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, kisha unatia tochi ndani uone kama kuna tundu. Mafundi wengi hupiga upepo wa kompresa kutoka nje, vumbi likazama. Sasa pitisha kidole ndani ya bomba, upande wa baada ya eakilina. Kikitoka na vumbi, usibishane tena juu ya rangi: ringi zimeshasagwa, bluu inakuja kama haijafika.

Bluu nayo ulizia saa. Ikitoka lori likiwashwa tu halafu ikaisha, ni sili za valvu. Ikitoka baada ya mteremko mrefu, unapokanyaga tena, ni sili hizo hizo pamoja na gaidi za valvu. Ikifuata mzigo safari nzima, ni ringi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa sailensa, ukilaze juu ya tundu kinyumenyume. Kikirukaruka, kompresheni inavujia chini. Ila kwanza pima kijiti: oili iliyojazwa kupita alama hufuka vilevile, na dawa yake haina bei.

Mulkiya, yaani kadi ya usajili wa gari, ikikaribia kuisha na Polisi ya Sultani inangoja kulikagua gari, hutokea mafundi wa miujiza. Mmoja hubana skrubu ya pampu, weusi ukatoweka pamoja na nguvu. Mwingine hutia oili nzito, bluu ikajificha wiki chache. Kwa hiyo lori lililotengenezwa lipokee likiwa na mzigo, ulipandishe Fanja, mwenzako akifuata nyuma kutazama ekzosi. Nozeli za zamani zidai zote, na mwambie fundi azifunge kwenye pampu ya kupimia mbele yako. Nzima hutoa ukungu mwembamba na kukata papo hapo. Mbovu hutoa mstari, kisha tone linabaki mdomoni.