Fimbo ya Furaha: Tahakiki ya Istilahi za Ufundi wa Mashine za Gemu

Istilahi hupimwa mahali pawili: kwanza juu ya meza ya aliyeiunda, na pili mkononi mwa mtu anayeitumia kazini. Aghalabu sisi tunaoshughulika na uundaji wa maneno huridhika na kipimo cha kwanza. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kikundi kidogo cha istilahi ambacho huenda baadhi ya wasomaji wakakiona ni cha mzaha, nacho ni istilahi za kufufua na kugeuza, nyumbani, zile mashine kubwa za gemu zilizochezwa kwa kutia sarafu. Tutajaribu kuonyesha kwamba hapa penye mchezo ndipo makosa yetu ya kawaida yanapojitokeza wazi, na kwamba mojawapo ya makosa hayo laweza kumwua mtu.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Mashine hizi asili yake ni Marekani na Japani. Computer Space ilitolewa mwaka 1971, na Pong ya Atari ikafuata mwaka 1972. Space Invaders ya Taito ilitoka mwaka 1978, Pac-Man ya Namco mwaka 1980, na Donkey Kong ya Nintendo mwaka 1981. Mashine hizo ziliwekwa katika mabaa, madukani na katika kumbi za michezo; mchezaji alisimama mbele yake, akatia sarafu, akashika mkono wa kuongozea na kubonyeza vitufe. Kumbi nyingi zilipofungwa, mashine ziliuzwa kwa bei ndogo au zikaachwa zioze maghalani. Leo wako watu Marekani, Uingereza, Japani na kwingineko wanaozichukua hadi majumbani mwao, wakazifungua, wakaziondoa kutu, wakazipaka rangi na kuziwasha tena.

Maelezo ya kazi hiyo yameandikwa zaidi kwa Kiingereza na Kijapani. Hata hivyo, fundi wa televisheni wa Dar es Salaam au Mombasa anao ujuzi mwingi unaohitajika, na seremala wa mtaani anao uliobaki. Kinachokosekana ni maneno ya kuwakutanisha na maelezo hayo. Ndiyo sababu tuliandaa orodha fupi ya istilahi, kisha tukampelekea fundi mmoja wa televisheni wa miaka mingi atusomee. Alipomaliza, sehemu kubwa ya orodha ilikuwa imekwisha futwa, na kwa haki.

Tuanze na neno lililomchekesha zaidi. Mkono wa kuongozea mchezo tulikuwa tumeuita 'fimbo ya furaha', kwa kufuata sehemu mbili za neno la Kiingereza. Hii ndiyo tafsiri sisisi, na ubaya wake ni kwamba inatafsiri jina badala ya kutafsiri kitu. Neno hilo la Kiingereza halikubuniwa na wacheza gemu. Lilitumiwa na marubani wa ndege mwanzoni mwa karne ya 20, likahamia kwenye mashine za michezo baadaye sana. Basi mfasiri anayetafuta 'furaha' ndani yake anachimba kisima pasipo na maji. Fundi wetu aliuliza swali moja tu: "Hiyo fimbo anachapwa nani?"

Njia ya pili ilikuwa kutohoa, tukapata 'joistiki'. Hatuna ugomvi na utohozi. Historia imekwisha tufundisha kwamba 'kompyuta' iliishinda 'ngamizi' bila msaada wa mtu, na kwamba 'baobonye', ingawa limeundwa kwa ufundi, halikuweza kuiondoa 'kibodi' midomoni mwa watu. Lakini neno lililotoholewa lina upungufu mmoja: halizai. Ukisha kusema joistiki, bado huna jina la kijiti chake, la kichwa chake, wala la kile kinachouwekea mpaka mwendo wake.

Njia ya tatu ilikuwa kurudi baharini. Jahazi lina usukani, na usukani una mkono wake uitwao kana, ambao nahodha huushika ili kugeuza chombo. Neno hili lilitupendeza mno, na tunakiri kwamba tulilipenda kwa sababu ya uzuri wake kuliko kwa sababu ya kufaa kwake. Kana huenda upande huu na upande ule tu, ilhali mkono wa gemu huenda pia mbele na nyuma. Tena msomaji wa bara halijui, na katika maandishi litagongana na 'kana kwamba' na kitenzi 'kukana'. Si kila neno la kale linalofaa kufufuliwa. Mengine yaachwe yapumzike na heshima yake.

Hatimaye tulimsikiliza fundi mwenyewe. Yeye aliuita 'mkono', kama dereva anavyosema mkono wa gia. Hapo milango ikafunguka. Mkono una kijiti, na juu ya kijiti pana kichwa. Kichwa hicho kina maumbo mawili mashuhuri: lile la mviringo, lipendwalo zaidi Japani, ambalo tunaliita tufe, na lile refu lililonenepa juu, lipendwalo zaidi Marekani, ambalo fundi alipoliona tu pichani alisema, "Hiki si kirungu?" Neno lilikuwapo, halikuhitaji kikao. Chini ya mkono pana kibati chenye tundu la mraba au la pembe nane, kinachozuia kijiti kisivuke mpaka. Hicho tumekiita kizuio. Na pembeni pana swichi. Katika mashine nyingi za zamani swichi hizo zilikuwa mabamba mawili membamba yanayogusana kimyakimya, na katika nyingi za baadaye ni visanduku vidogo vinavyolia kila vinapobonyezwa. Tunapendekeza 'swichi ya mabamba' na 'swichi ya mlio'.

Asije mtu akadhani kwamba haya ni madogo. Pac-Man ilitengenezwa kwa mkono wa pande nne: juu, chini, kushoto na kulia. Michezo ya mapigano iliyokuja baadaye, kama vile Street Fighter II ya mwaka 1991, huhitaji mkono wa pande nane, kwa kuwa mchezaji hana budi kwenda mshazari pia. Ukitia mkono wa pande nane katika Pac-Man, kijiti kikiingia pembeni kitagusa swichi mbili kwa pamoja, na mchezaji atakwama kwenye kona akidhani ni uzembe wake. Kwa hiyo istilahi inayosema 'mkono' pasipo kutaja pande zake ni istilahi nusu, na fundi atakayenunua kwa kuitegemea atapoteza fedha.

Sasa tuje kwenye umbo la nje. Katika orodha yetu tuliliita 'kabati', kwa kuwa sauti yake inakaribiana na ya Kiingereza. Hapa tulidanganywa na sikio. Kabati la Mswahili lina milango na rafu, nalo huwekewa nguo au vyombo. Tunaonelea 'kasha' lafaa zaidi. Kasha ni kazi ya seremala. Huhifadhi kitu cha thamani. Na pwani yetu lina mapokeo ya kupambwa kwa nakshi na misumari ya shaba, jambo linalolingana na picha na rangi zilizopamba mbavu za mashine hizi. Seremala naye ataona mara moja kwamba kazi yake haikubadilika: plaiwudi, chipubodi iliyovimba kwa unyevu na inayopaswa kukatwa na kubadilishwa, gundi, msasa, na ule ukanda wa plastiki unaopigiliwa katika mfuo wa ukingoni. Aidha, 'kasha la gemu' litatuepusha na kosa jingine, la kusema 'mashine ya sarafu' tu, ambalo laweza kumfanya msomaji adhani tunazungumzia mashine za kamari. Vitu hivyo viwili ni mbali mbali: katika kimoja sarafu hununua muda wa kucheza, katika kingine huwekwa dau.

Neno linalofuata ndilo lililotushughulisha zaidi kwa upande wa maana, nalo ni jina la kazi yenyewe. Kiswahili cha kila siku husema 'kutengeneza', na neno hilo hubeba kila kitu: kuunda kipya, kuponya kibovu, hata kupika chai. Lakini wenye makasha hutofautisha mambo matatu. La kwanza ni kukifanya kitu kibovu kifanye kazi, nalo twaweza kuliita ukarabati. La pili ni kukirudisha kitu katika hali yake ya asili, kwa rangi ile ile, swichi zile zile na picha zile zile. Hili tunaliita urejeshaji. La tatu ni kukibadili kitu kwa matakwa ya mwenyewe, kama vile kuongeza vitufe, kubadilisha mkono, au kung'oa mitambo yote ya ndani na kutia kompyuta yenye programu ya MAME, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1997 na iwezayo kuiga maelfu ya gemu za zamani.

Kwa jambo hili la tatu tuliandika 'kubinafsisha'. Twaomba radhi. Tangu miaka ya 1990 neno hilo limekwisha kupata kazi rasmi katika Tanzania, la kuuza mashirika ya umma, na msomaji akiambiwa kwamba mtu amebinafsisha kasha lake nyumbani atauliza ni serikali gani iliyokuwa ikilimiliki. Simu zetu nazo hutumia 'geuza kukufaa', kauli nzuri ya kueleweka, ila ni maelezo zaidi kuliko istilahi. Sisi tunapendekeza 'ugeuzaji' peke yake, na aliyegeuza aitwe mgeuzaji.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu? Kwa sababu kasha lililogeuzwa likiuzwa kwa jina la lililorejeshwa, mnunuzi ameibiwa. Na kasha la asili lililong'olewa mitambo yake kwa jina la ukarabati limepoteza ushuhuda ambao hautarudi. Tena historia ya makasha yenyewe si nyepesi. Katika miaka ya 1980 wenye kumbi waliyageuza makasha mengi kwa kuyapaka rangi juu na kutia gemu mpya, na katikati ya miaka hiyo Japani ilipata kiungio cha pamoja cha JAMMA, chenye vituo 56, kilichorahisisha kubadilisha bodi ya gemu moja kwa nyingine. Basi mrejeshaji anayekwangua rangi hulazimika kujiuliza anarejesha maisha yapi ya kasha lake: yale ya kwanza au yale ya pili. Lugha isiyotofautisha maneno haya matatu haiwezi hata kuliuliza swali hilo.

Tumebakiza neno la mwisho kwa makusudi. Mafundi huiita tyubu ya picha 'kioo', na katika karakana ya televisheni haina madhara, maana kila mtu anajua ni kioo kipi. Lakini kasha la wima la Space Invaders lililouzwa Marekani lina vioo vya namna tatu: kioo cha mbele cha kukingia, kioo kinachoakisi picha, ili ionekane kama inaelea mbele ya mandhari ya mwezi iliyochorwa, na tyubu yenyewe. Orodha yetu iliandika 'kioo' kwa vyote vitatu. Tena, pale maelezo ya Kiingereza yanapoamuru kuuondoa umeme uliobaki ndani ya tyubu, sisi tuliandika 'kukata umeme'.

Fundi aliposoma hapo hakucheka. Alisema: "Umeme umekwisha katwa zamani, na bado unaua." Maneno yake ni kweli tupu. Tyubu ya rangi ya mashine hizi hufanya kazi kwa volti zipatazo 20,000 au zaidi, na yenyewe huhifadhi chaji kama kapasita, hata baada ya plagi kung'olewa ukutani. Kabla ya kuigusa hapana budi chaji hiyo itolewe kwa bisibisi yenye mpini usiopitisha umeme, iliyofungwa waya uliounganishwa na waya wa ardhi wa tyubu, na atakayefanya hivyo awe ameonyeshwa na ajuaye. Msomaji wa orodha yetu angeambiwa 'kata umeme, kisha ondoa kioo'. Angetii sawasawa. Angezima, akang'oa plagi, akatia mkono. Kosa lingekuwa letu, na mauti yangekuwa yake.

Kwa hiyo tumefuta na kuandika upya: 'kuzima' ni kwa swichi, 'kukata umeme' ni kwa njia iletayo umeme, 'kutoa chaji' ni kwa kile kilichohifadhiwa ndani. Na kioo kimegawanywa: kioo cha mbele, kioo cha kuakisi, tyubu ya picha. Hakuna hata moja katika maneno haya linalopendeza masikioni kama kana ya jahazi. Yote yanamfikisha fundi nyumbani akiwa hai.

Tunalojifunza ni kwamba mpangilio wetu wa kazi umekuwa kinyume. Tumezoea kuunda neno kwanza, kisha kulipeleka kwa mtumiaji alipokee. Hapa, kirungu, mkono na kutoa chaji vilikuwa vikingoja karakanani, na sisi tulikuwa tukivitafuta katika kamusi. Twaonelea kila orodha ya istilahi za ufundi isomwe na fundi wa kazi hiyo, kifaa kikiwa mbele yake, kabla haijafikishwa mbele ya kamati yoyote. Wasomaji walio mafundi wa televisheni, maseremala au wenye makasha haya, popote walipo, wanakaribishwa kuyasahihisha mapendekezo yetu. Tumekwisha sahihishwa mara moja, na hatukupungukiwa na kitu.