Kuipima Kazi ya Maikroarei, Kuanzia Jarubani

Ubora wa jaribio la maikroarei huamuliwa shambani, kabla RNA haijafika kwenye kioo. Kioo hicho hubeba maelfu ya vipande vya DNA, kila kimoja kikinasa ujumbe wa jeni yake, na jani lililochumwa vibaya husomwa kwa usahihi uleule kama lililochumwa vizuri. Mbinu hii ilichapishwa mwaka 1995 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa kupima jeni 45 za Arabidopsis, mmea mdogo wa familia ya kabichi. Morogoro, penye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na skimu za Mkindo, Dakawa na Kilombero, zao la kufikiria kwanza ni mpunga.

Cha kwanza kukaguliwa ni saa. Jeni nyingi za mmea hupanda na kushuka kufuata mzunguko wa mchana na usiku. Jani la mpunga wenye kiu likichumwa alfajiri, na la mpunga ulionyweshwa likachumwa adhuhuri, tofauti ya saa itachukuliwa kuwa athari ya ukame. Mahali napo pana uzito huohuo. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi, ilhali Mgeta, katika Milima ya Uluguru, imevuka mita 1000, na baridi peke yake huamsha baadhi ya jeni na kuzima nyingine. Maharage ya Mgeta hayalinganishwi na ya bondeni mpaka kila aina ioteshwe pande zote mbili. Majani mazuri ni ya umri mmoja, yaliyochumwa saa ileile na kugandishwa palepale kwa naitrojeni ya kimiminika. Barafu ya kawaida hupunguza tu kasi ya uharibifu.

Baada ya RNA kutolewa kwenye majani hayo, iliyo safi hufyonza mwanga wa nanomita 260 takribani mara 2 ya ule wa nanomita 280. Kwenye jeli, mistari yake iwe myembamba na iliyokolea. Hapa wengi hukosea: jani bichi lina pia RNA ya kloroplasti, yenye mistari yake, kwa hiyo kipimo kilichobuniwa kwa tishu za wanyama huweza kulipa alama ndogo isiyostahili.

Marudio yawe ya mimea tofauti. RNA ya mmea mmoja ikisomwa mara tatu, inapima mashine, haipimi mpunga.

Kwenye picha ya kioo, nukta nzuri ya DNA ni duara na imejaa sawasawa. Yenye tundu katikati au mkia huondolewa. Kwa kuwa rangi nyekundu na ya kijani, zinazotiwa kwenye sampuli mbili zinazolinganishwa, hazishiki kwa nguvu sawa, jaribio makini huzibadilisha kati ya sampuli hizo.

Kisha hesabu. Jeni 20,000 zikipimwa kwa kiwango cha kosa cha asilimia 5, bahati peke yake inaweza kutoa jeni 1,000 za uongo. Orodha isiyoonyesha jinsi hilo lilivyorekebishwa haifai kuaminiwa, hata ikiwa na picha za kuvutia. Inayofaa imethibitishwa kwa PCR ya kupima kiasi, juu ya mimea mipya, na data yake ghafi imewekwa wazi kwa kufuata MIAME, kanuni za mwaka 2001 kuhusu taarifa za lazima za jaribio la maikroarei, pamoja na saa na mahali kila jani lilipochumwa.