Wasome Kwanza, Wasaini Baadaye

Kwenye hafla ya kusaini vitabu hapa Nairobi, mwandishi mpya utamjua haraka: kila mara anatazama mlango. Kwenye foleni kuna shangazi, watu wa kanisa na marafiki wa WhatsApp. Wananunua, wanapiga selfi, wanaenda zao. Hakuna anayeuliza kitabu kinasema nini.

Siwalaumu. Aliyejichapishia amelipa mchapaji kutoka mfukoni mwake, na mwaka 2013 vitabu vilianza kutozwa VAT ya asilimia 16. Kila nakala inayouzwa inapunguza deni. Lakini hafla nyingi nilizohudhuria zimepangwa kama harambee: MC, hotuba, keki, halafu mwandishi anapewa dakika mbili asome watu wakitafuna.

Hapo ndipo mambo yanaharibika. Harambee humwokoa mtu mara moja. Kitabu cha pili kitanunuliwa na nani, na shangazi ameshatoa? Mnunuzi wa kweli ni yule mgeni aliyeingia dukani kutafuta kalamu, akasikia kurasa tatu zikisomwa vizuri, akasimama. Kwa hivyo maduka yaanze na kusoma, kisha maswali, ndipo sahihi. Keki ingojee.