Fundi wa Saileji na Vibarua Wake Wasioonekana

Ukitaka kumjua fundi wa saileji, yaani malisho ya mifugo yanayochachushwa shimoni bila hewa, mtazame mkono wake kabla hujalitazama shimo lake. Anachota konzi ya mahindi yaliyokatwakatwa, anaifinya kwa nguvu kama dakika moja, kisha anaachia. Maji yakichuruzika vidoleni, mahindi bado mabichi. Donge likisambaratika papo hapo, yamekauka mno. Analolitaka ni donge linalofunguka polepole na kuacha kiganja na unyevu tu: hapo sehemu kavu ya mmea imefika asilimia 30 hadi 35.

Kisha inafunguliwa pakiti ya bakteria wa kuchachusha. Unga wake unakorogwa katika maji na kunyunyizwa tabaka kwa tabaka. Fundi makini huchagua maji ya mvua au ya kisima, maana klorini ya maji ya bomba huweza kuwaua hao bakteria kabla hawajaonja sukari.

Kati yao, Lactobacillus plantarum ndiye mwenye haraka. Hula sukari ya mmea, akatoa asidi ya laktiki, na pH hushuka hadi karibu na 4. Bakteria waozeshaji hapo hawana lao. Lakini mimi namhusudu mwenzake, Lactobacillus buchneri. Huyu huchukua wiki kadhaa akigeuza sehemu ya asidi hiyo kuwa asidi ya asetiki, ileile ya siki, ambayo huzuia hamira na ukungu siku shimo linapofunguliwa na hewa kuingia. Anayefungua baada ya wiki tatu amemfukuza kibarua kazi haijaisha.

Wakati wa Virtanen, yule mkemia wa Ufini aliyepata Nobel mwaka 1945, malisho yalimwagiwa asidi kali za madini ili pH ishuke. Leo asidi inatengenezwa humohumo shimoni, na aliyekuwa akihofia kuunguzwa mikono amepona.

Hata hivyo, pakiti haifanyi kazi ya miguu. Katika mashamba ya Nyandarua na Kiambu, penye trekta hupita trekta, pasipo na trekta watu hukanyaga, na pembezoni, ambako hewa hupenda kujificha, fundi hurudia mara mbili. Saileji iliyoshindiliwa vibaya huoza, hata ukiinyunyizia bakteria wa bei gani. Kwa hiyo, mfugaji, kama fedha ya msimu huu ni kidogo, nunua kwanza nailoni nzito ya kufunikia shimo na ulipe washindiliaji. Pakiti ifuate.