Usarufi na Ufupi: Uhakiki wa Swali la Kusahihisha Sentensi
Swali la kusahihisha sentensi katika mtihani wa Kiswahili aghalabu hupima kwa alama moja mambo mawili tofauti: usarufi na ufupi. “Ningejua ningalikuja” hukiuka kanuni ya usanifu inayotaka viambishi vya masharti vilingane. “Alishuka chini” haivunji kanuni ya sarufi. Ina neno la ziada tu. Aidha, “alirudi tena” haina ziada iwapo mtendaji alikwisha kurudi awali.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, ambako watoto wengi huanza na Kihangaza, Kishubi au Kisubi, ni rahisi kuyahesabu yote hayo kuwa athari za lugha ya kwanza. Hoja hiyo ni dhaifu. “Shuka chini” husikika pia Dar es Salaam na Unguja, miongoni mwa wasemaji ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kwanza. Athari hudhihirishwa kwa kulinganisha miundo ya lugha, si kwa kutaja anakotoka mtahiniwa.

Hivyo basi, maelekezo ya swali hayana budi kubainisha kinachotakiwa: kuondoa kosa au kupunguza maneno. Vinginevyo, mtahiniwa aliyerefusha sentensi huhesabiwa kuwa hajui sarufi.