Pongezi kwa Waratibu wa Utafiti wa Moshi

Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza vyandarua vyenye dawa mbili mwaka 2023, waliosifiwa ni wanasayansi. Haki yao. Sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka Misungwi, Mwanza, katika utafiti uliochapishwa 2022, na miongoni mwa walioufanya walikuwamo watu wa chuo kikuu cha tiba cha KCMC, Moshi.

Kazi kama hiyo haiendi bila mratibu. Ndiye anayefuatilia kibali cha maadili kwenye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), anayehakikisha gari lina mafuta, anayebisha hodi kwa mwenyekiti wa kijiji kabla mtafiti hajafika, na anayemweleza mfadhili kila shilingi ilikokwenda. Kule Mabogini, karibu na Moshi, kwenye mashamba ya mpunga chini ya Mlima Kilimanjaro, kuna wanaolala kwenye vibanda vya majaribio ili mbu wahesabiwe alfajiri. Posho yao nayo ni kazi ya mratibu; ikichelewa, utafiti huyumba kuliko unavyoyumbishwa na masika.

Jina la mratibu, likiandikwa, huwekwa kwenye shukrani mwishoni mwa makala. Si haki. Wakuu wa vyuo, wapeni waratibu ajira za kudumu. Mkataba unaokufa pamoja na mradi hauwatoshi.