Pikipiki ya Vita na Mafundi wa Kibuye

Kazi ya mhakiki si kusifu wala kulaumu tu, bali ni kupima. Tumezoea kupima mashairi na tamthilia, lakini ni mara chache tunapima vyombo vya chuma, kana kwamba chuma hakina mtungaji. Katika insha hii nitapima chombo kimoja cha Marekani ambacho leo wenye fedha hukitafuta na kukitunza kama johari. Mizani yangu nimeitwaa katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, ambako mnunuzi wa jembe au jiko huuliza maswali mawili: Je, kitafanya kazi? Kikiharibika, kitatengenezeka?

Chombo chenyewe ni pikipiki iitwayo WLA, iliyofanywa na Harley-Davidson, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1903 katika mji wa Milwaukee. Ilibuniwa kwa ajili ya jeshi. Pamoja na ndugu yake WLC, aliyefanywa kwa jeshi la Kanada, ziliundwa kiasi cha 90,000 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na nyingi zilipelekwa kwa majeshi ya Umoja wa Kisovieti.

Kwa macho ya kwanza, pikipiki hii haina urembo. Rangi yake ni ya zaituni iliyofifia, na vyuma vya kung'aa ni haba, kwa sababu kinachong'aa humwonyesha askari kwa adui. Lakini tuitazame tena. Madigadi yake hayana kingo pana za pembeni, ili matope yasikwame kati yake na gurudumu. Chini ya injini pana bamba la chuma la kuikinga na mawe. Hewa iingiayo katika injini hupitishwa kwanza penye mafuta, ili vumbi linaswe. Injini ina silinda mbili zilizokaa kama herufi V, zenye ujazo wa sentimita 740 hivi, na vali zimepangwa kando ya silinda, si juu yake. Mpango huo hupunguza nguvu ya injini, lakini hurahisisha kazi ya fundi: akifungua kifuniko bapa cha juu, ameifikia silinda. Mbunifu aliacha mwendo wa kasi akachagua uvumilivu, na alichagua vema.

Hata hivyo kasoro zipo. Pikipiki hii ina uzito wa karibu kilo 250. Ili kubadili gia, mpandaji hukanyaga klachi kwa mguu wa kushoto, kisha huachia usukani mkono mmoja ashike mti wa gia kando ya tangi. Katika njia mbovu jambo hilo ni taabu kwa asiyezoea. Gurudumu la nyuma halina springi, na mgongo wa mtu hutegemea springi za kiti peke yake.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, pikipiki nyingi za jeshi ziliuzwa kwa bei nafuu. Vijana wa Marekani walizinunua, wakaondoa madigadi ya mbele, wakakata ya nyuma, wakapaka rangi waliyoitaka. Injini ya namna ile ile ilitumiwa katika Servi-Car, chombo cha magurudumu matatu kilichotumiwa na polisi na wenye gereji, ambacho kiliendelea kuundwa hadi mwaka 1973. Aliyepanda tuktuk Kisumu ataelewa mara moja faida ya wazo hilo.

Sasa turudi Kibuye. Boda boda zilianza kwa baiskeli, katika mpaka wa Busia. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipunguza kodi ya pikipiki ndogo, na tangu hapo pikipiki za India na China zimejaa barabarani. Zinatoka kiwandani zote sawa, lakini hazikai hivyo. Mafundi wa jua kali huziunganishia keria pana za kubebea magunia na kreti, na vyuma vya mbele vya kukinga miguu. Wengine hufunga mwavuli wa kuzuia jua na mvua. Hakuna aliyewaita mafundi hawa wabunifu, lakini kazi yao ni ubunifu hasa: wanakisahihisha chombo kilichobuniwa mbali, kikubaliane na njia yao na mzigo wao.

Nao pia yafaa wapimwe bila upendeleo. Keria ikirefushwa mno, uzito hupita nyuma ya gurudumu, na gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani ukapoteza utii. Kiti cha abiria mmoja kikikaliwa na watatu, breki haziongezeki. Kosa la namna hiyo hulipwa kwa mifupa na roho za watu, na sifa ya werevu haiwezi kulifuta.

Basi urithi wa WLA uko wapi? Watunzaji wa vitu vya kale huondoa kila badiliko lililofanywa na wenyewe wa zamani, wakarudisha rangi ya jeshi na kila kikorokoro cha asili. Siwalaumu, kwa maana kumbukumbu ina haki yake. Lakini pikipiki isiyopanda kilima wala kubeba mzigo imekaribia methali isemayo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ubora wa WLA haukuwa sura yake, bali ile ruhusa iliyompa mtu wa kawaida kuifungua, kuielewa na kuibadili. Ruhusa hiyo haikai ndani ya kabati la kioo. Inaishi penye nyundo na cheche, na Kibuye ni mojawapo ya nyumba zake.

Mwanafunzi, ukipita hapo usimtazame fundi kwa dharau. Muulize kwa nini amekunja chuma pale na si hapa. Jibu lake likiwa na sababu njema, umekutana na mtungaji. Na likikosa sababu, mwambie kwa adabu, kwa kuwa chombo hicho kitambeba mtu.